Mchapishaji akikataa mswada, aseme anakataa nini

Majuma mawili yaliyopita nilikutana mjini Thika na kijana mmoja mkazi wa Ruiru ambaye niliwahi kumfundisha. Alikuwa na mswada wa riwaya, kurasa mia mbili na kitu, na barua pepe ya mistari mitatu aliyoipokea baada ya kungoja miezi kumi na minne. Barua ilimshukuru, ikamwarifu kwamba kazi yake hailingani na mahitaji ya kampuni kwa sasa, ikamtakia heri. Mswada ni wa Kiswahili. Barua ilikuwa ya Kiingereza.

"Mwalimu, kwani hawa watu hawasomangi?" aliniuliza.

Wanasoma. Nimewahi kuwasomea. Mswada ambao haukuagizwa ukifika, mhariri huupitia mbiombio, na ukimvutia humpa msomaji wa nje, aghalabu mwalimu au mhadhiri, aandike ripoti. Msomaji huyo hulipwa kidogo na ana karatasi za mitihani zinazomsubiri. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuuangusha mswada kwa sentensi moja: lugha si sanifu. Sikusema ni lugha ya nani, ya msimulizi au ya wahusika, wala ilikosea wapi. Jina langu halikutajwa popote, na mwandishi hakuwa na wa kumuuliza.

Kwa hivyo huu wa Ruiru niliusoma polepole. Kasoro zipo. Sura tatu za kwanza ni historia ya ukoo ambayo ingekatwa yote na riwaya isipungukiwe na kitu. Mhusika mkuu, makanga wa matatu za Ruiru, hububujikwa na machozi kila baada ya kurasa kumi. Lakini makanga huyo akifungua mdomo, riwaya inaamka. Pale Kimbo anamwambia abiria mwenye mzigo, "Mathee, hiyo gunia inalipa mbao ama ishuke." Matatu ikisimamishwa na polisi, kijana yuleyule anasema, "Afande, naomba unisamehe, gunia hili ni la mama yangu." Ngeli zimekaa sawa ghafla! Hofu imemfundisha sarufi. Na msimulizi, nje ya alama za mtajo, anaandika Kiswahili sanifu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hivyo asituambie mtu kwamba mwandishi hajui tofauti.

Nashuku hapo ndipo mswada ulipozamia, na sababu yenyewe ni ya dukani zaidi kuliko ya kifasihi. Riwaya ya Kiswahili nchini Kenya huuzwa hasa kupitia shule. Kitabu kikiidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), mchapishaji amevuna. Kisipoidhinishwa, kinabaki kumngoja mtu aingie dukani na pesa zake mwenyewe. Tangu 2018 serikali inanunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, na jicho la mhariri limezidi kuelekea huko. Anaposoma maneno ya makanga, anamwona mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwalimu wake mwenye kalamu nyekundu. Simlaumu. Kampuni ina mishahara ya kulipa. Ninacholaumu ni kuifunika hukumu ya soko na hukumu ya fasihi kwa shuka moja, mwandishi asijue ni ipi iliyompata.

Tabia hii ina mizizi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi 1930, ilikuwa ikipitia miswada ya vitabu vya shule na kuipa kibali, na kipimo kilikuwa usanifu uliojengwa juu ya Kiunguja. Watu wa Mombasa walinung'unika kwamba Kimvita chao kimepigwa kumbo. Leo Ruiru, mji ambao sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu nusu milioni, nao una usemi wake, ila haujapata wa kuunung'unikia.

Wako waliozunguka mlango huo. David Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, miaka ya sabini, na vitabu vyake vikauzwa kama njugu. Jarida la Kwani?, lililoanza 2003, liliikaribisha Sheng bila kuomba radhi. Kijana wangu naye aliniambia, "Nitachapisha mwenyewe, kuna jamaa hapa Thika." Nilimkumbusha kwamba huyo jamaa atampigia chapa tu, na kupiga chapa si kuchapisha. Ukimlipa, atakutolea nakala mia mbili na zile sura tatu zikiwemo, maana kazi yake si kuzikata. Jicho la mhariri ndilo alilolihitaji, akalingoja miezi kumi na minne, na mistari mitatu ikamnyima.

Siwaombi wachapishaji ripoti ya kurasa tano kwa kila mswada, hawatamaliza. Sentensi moja inatosha, kwa lugha ya mswada: tumeukataa kwa sababu hautauzika shuleni, au tumeukataa kwa sababu sura za mwanzo zimelegea. Wa kwanza atatafuta mchapishaji mwingine. Wa pili atarudi mezani.

Huyu wangu amerudi mezani. Makanga amebaki na maneno yake. Sura mbili ameshazikata. Ya tatu amekataa katakata. Anasema nyanya yake yumo.