Mahaba Yaliyoanza kwa Hila: Msuko wa Bell, Book and Candle

Mtungaji wa kisa cha mahaba ampaye mhusika wake uwezo wa kumroga ampendaye hujitwika mzigo mzito, kwa sababu hadithi ya wapenzi, tangu zama za kale hata leo, haisimami ila kwa kizuizi, na mchawi ni mtu asiyezuilika. Akiutaka moyo wa jirani yake ataupata kabla mtazamaji hajakaa sawasawa kitini. Na akiisha kuupata, muda uliosalia utajazwa na nini? Wengi walioingia katika bahari hii waliikwepa kadhia hiyo kwa kuongeza vituko, vyombo virukavyo na watu wageukao wanyama, hata vituko vikawa ndiyo hadithi na mahaba yakasahauliwa. Filamu ya Marekani iitwayo Bell, Book and Candle, iliyoongozwa na Richard Quine na kuonyeshwa mwaka 1958, haikuikwepa. Ilikubali moyo upatikane mapema, kisha ikauliza una thamani gani moyo uliopatikana kwa njia hiyo, na katika suali hilo ikapata msuko wake wote.

Gillian Holroyd, anayechezwa na Kim Novak, ni mchawi wa nasaba ya wachawi, mwenye duka la sanaa za Afrika katika mtaa wa Greenwich Village, mjini New York. Ghorofani amehamia mchapishaji wa vitabu, Shep Henderson, anayechezwa na James Stewart, mtu wa heshima zake, naye ana mchumba. Gillian ana ndugu, Nicky, ambaye uchawi kwake ni mzaha wa kuzima taa za barabarani, na ana shangazi, Queenie, ambaye uchawi kwake ni ruhusa ya kuingia nyumba za watu bila hodi. Shangazi huyu ndiye aliyeiroga simu ya Shep, na simu hiyo mbovu ndiyo inayomteremsha mwanamume dukani kuomba ya kutumia. Pembeni yuko paka, Pyewacket, ambaye bila yeye ulozi wa Gillian haukamiliki.

Sasa tazama jambo ambalo mtazamaji wa haraka huliruka. Ni mkesha wa Krismasi, na Gillian amechoka. Anamweleza shangazi yake kwamba angependa, walau mara moja, kuupitisha usiku huo katika kanisa dogo akisikiliza nyimbo za sikukuu kama watu wengine, badala ya kukesha katika kilabu ya wachawi wenzake ambamo Nicky hupiga ngoma. Haja hii ya ukawaida imewekwa wazi kabla mahaba hayajaanza, na kuwekwa kwake mahali pale ni kazi ya fundi. Lau angemwona mwanamume kwanza, kisha akatamani kuwa mtu wa kawaida kwa ajili yake, tungekuwa na kisa cha mwanamke ajibadilishaye ili apendwe, na visa vya namna hiyo havina idadi. Hapa haja ni mbili, ya ukawaida na ya mtu, nazo kwa juu juu huonekana kuwa moja, kwani Shep ndiye ukawaida wenyewe uliovaa kofia na koti. Lakini njia iliyo karibu mno ya kumpata mtu huyo ndiyo njia itakayomweka Gillian mbali zaidi na ukawaida. Kila atumiapo uchawi kukikaribia akitakacho, hujibaidisha nacho. Na kizuizi ambacho mchawi hawezi kukipata kwa baba mkali, wala kwa umaskini, wala kwa umbali, amekipata katika uwezo wake mwenyewe.

Ilibidi basi atumie uchawi, na hapa mtungaji alikuwa na tatizo la pili, maana mwanamke atamaniye maisha safi hawezi kumroga mchumba wa mwenziwe na bado tukampenda. Awali Gillian anasita. Hataki kumpata mtu kwa hila. Kisha anatambua kwamba mchumba mwenyewe ni Merle Kittridge, adui yake wa tangu walipokuwa chuoni, msichana mchongezi aliyemsumbua, na Gillian akamlipa kwa kumletea radi, akijua jinsi Merle alivyoiogopa. Ni sadfa, na sadfa kubwa. Lakini imetolewa mapema, wakati ambao mtazamaji hutoa mikopo bila kuuliza dhamana, na fauka ya hayo imefanyizwa kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuuvunja ule msito: Gillian anaroga kwa hasira kuliko kwa uchu, na hasira twaisamehe upesi. Kazi ya pili inakaa kimya hata nusu ya pili ya filamu, pale Shep atakapojua ukweli na kuamini kwamba yeye hakuwa mpendwa, bali fimbo ya kumchapia Merle. Kisingizio kilichotufanya tumsamehe Gillian ndicho kitakachomfanya Shep asimsamehe. Mimi naona hapa ndipo penye ufundi mkubwa kuliko mahali pengine pote katika kisa hiki.

Tendo lenyewe la kuroga halina moshi wala umeme. Shep yu chumbani kwa Gillian na karibu anakwenda zake. Gillian amempakata Pyewacket, anavumisha wimbo wa chini chini usio na maneno, na kamera ya James Wong Howe inausogelea uso wake hata masikio ya paka na macho ya mwanamke yakawa kama ya kiumbe kimoja. Mwanamume anageuka. Hakuna zaidi ya hayo, na uchache huo ni wa makusudi, kwa kuwa mtazamaji asiyejua habari angedhani ameona mtu akipenda kwa kawaida. Baada ya hapo wapenzi wako juu ya jengo la Flatiron alfajiri, jiji liko chini yao, na Shep anaivua kofia yake na kuitupa, nayo kamera inaifuata ikishuka angani hata barabarani. Katika futuhi nyingine tukio hili lingekuwa kilele cha furaha. Hapa linasisimua na kutia mashaka kwa pamoja, maana tunajua, naye hajui, kwamba mkono ule ulioirusha kofia haukutumwa na hiari yake.

Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa kadhia hii. Anayajua maneno ya limbwata, na anajua kwamba mume aliyelishwa limbwata hasifiwi kwa kumpenda mkewe. Anajua pia kwamba akdi isiyo na ridhaa ni batili, hata ikisomwa na sheikh gani na kuhudhuriwa na halaiki gani. Filamu hii, iliyotungwa na watu wasiojua lolote katika hayo, imejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Mahaba ya sehemu ya kwanza ni batili, na kwa kuwa ni batili hayawezi kurekebishwa. Sharti yavunjwe kabisa, kila mmoja arudi peke yake, na akdi ifungwe upya kwa ijabu na kabuli ya kweli. Kwa hiyo msuko una wapenzi wawili wale wale wanaopendana mara mbili, na kati ya mara hizo mbili pana talaka ya namna yake.

Nitasema kwa mukhtasari habari ya katikati, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyolegea. Gillian anamvuta kwa uchawi mwandishi mmoja, Sidney Redlitch, ili Shep apate kitabu cha kuchapisha. Redlitch anaandika juu ya wachawi wa New York, anajigamba kuwa humtambua mchawi akimwona, na hamtambui Nicky aliye mbele yake. Mzaha ni mzuri, na Jack Lemmon, aliye Nicky, na Ernie Kovacs, aliye Redlitch, wanauchezea vilivyo, lakini manufaa yake katika msuko ni moja tu: siri ya ukoo inakaribia kuuzwa dukani kwa jalada la kitabu, na Gillian analazimika kukiri kabla hajaumbuliwa. Dakika zilizotumika kuifikia haja hiyo ni nyingi kuliko haja yenyewe.

Yafaa kukumbuka kwamba filamu hii ilitokana na mchezo wa jukwaani wa John Van Druten, ulioanza kuchezwa Broadway mwaka 1950, Rex Harrison na Lilli Palmer wakiwa wapenzi, na kwamba mchezo huo ulikuwa na watu watano tu, wote katika chumba kimoja. Merle alisikika kwa kutajwa. Na mchawi mkuu, Bianca de Passe, ambaye Shep anakwenda kwake kuaguliwa, naye alikuwa ghaibu. Daniel Taradash, aliyeuandika upya kwa ajili ya sinema, aliwaleta wote wawili mbele ya kamera. Kwa Bianca alipata faida, maana Hermione Gingold anampa Shep dawa ya kutegua ulozi, na kwa kumwona James Stewart akiinywa kwa uso uliokunjamana tunaelewa kwamba kuacha kupenda ni kazi ya mwili pia. Kwa Merle nadhani alipata hasara. Jukwaani uovu wa Merle ulikuwa ni maneno ya Gillian, na mtazamaji mwangalifu aliweza kuuliza kama hayakutiwa chumvi. Katika sinema tunamwona kwa macho yetu kuwa mwenye kiburi na baridi, na pale pale shaka iliyokuwa ikimning'inia Gillian inaondolewa, ilhali shaka hiyo ilikuwa mali ya hadithi.

Yanayofuata maungamo yamepangwa kwa mpishano. Shep, aliyekuwa amefungwa, anakwenda kufunguliwa. Gillian, aliyekuwa huru kuliko watu wote, anajikuta amefungwa. Katika ulimwengu wa filamu hii mchawi apendaye hupoteza uwezo wake, na mchawi hatoi machozi wala uso wake hauoni haya. Na Gillian, akitaka kumwadhibu Merle kwa ulozi mpya, anakuta paka hamtii, na kwamba kilichomtoka ni uchawi wenyewe. Mtazamaji anajua basi jambo ambalo Shep halijui: moyo wa mwanamke umekuwa wa kweli saa ile ile moyo wa mwanamume unapogundua kuwa ulikuwa wa uongo. Wanapishana mlangoni, kwa kusema hivyo, mmoja akitoka katika mahaba na mwingine akiingia. Nani atamwambia Shep, na kwa maneno gani ambayo mtu aliyekwisha kuhadaiwa atayasadiki?

Hakuna wa kumwambia, na ndiyo maana kanuni ya machozi imehifadhiwa hata mwisho. Miezi inapita, Shep anarudi dukani, anamwona Gillian akilia, na chozi linakuwa ithibati isiyohitaji kiapo. Ufundi uko katika kuifanya kanuni hiyo, ilipotajwa, ionekane ni porojo za wachawi, neno la kupitia njia, ili itakapodaiwa isije na sauti ya deni. Nani angetegemea kwamba mwanamke asiyezuilika angehukumiwa na kitu ambacho kila mtoto anacho?

Mwaka huo huo wa 1958 waigizaji hawa wawili walikutana pia katika Vertigo ya Alfred Hitchcock, ambamo vile vile Stewart ni mwanamume aliyependa kwa kuhadaiwa na Novak ni mwanamke aliyependa kweli baada ya kuhadaa. Msuko ni ndugu wa msuko. Kule mwanamume akiisha kujua hawezi kusamehe, na mwisho wa kisa ni mauti.

Walakini mwisho wa filamu hii ya kuchekesha haukunikinaisha, na sababu zangu ni za kiufundi. Badiliko kubwa la kisa, yaani Gillian kuwa mtu wa kawaida, limetokea mahali ambapo kamera haikuwapo. Tuliahidiwa tangu mkesha wa Krismasi kwamba ukawaida ni kitu cha kutamaniwa. Ulipofika hatukuonyeshwa ladha yake wala uchungu wake, ila tumeonyeshwa duka. Vinyago vimeondolewa, na mahali pake pamewekwa maua yaliyotengenezwa kwa makombe ya bahari. Na mwenye duka, aliyezoea kutembea miguu mitupu na kuvaa rangi za giza, amevaa nguo za rangi nyepesi. Mbunifu wa mandhari amefanya kazi iliyompasa mwandishi. Zaidi ya hayo, vinyago vile, ambavyo filamu inavitembeza mbele ya macho yetu tangu majina ya waigizaji yanapoandikwa, vilichongwa na mafundi wa Afrika kwa ajili ya jando, mazishi na kumbukumbu za wahenga, navyo hapa vimefanywa bendera ya ulozi, hata kusafishwa kwa mwanamke kukawa ni kusafishwa kwa rafu zake. Msomaji wetu atacheka katika filamu hii kama nilivyocheka mimi, lakini hapo atanyamaza kidogo.

Na Shep amelipa nini? Gillian ametoa uwezo wake, paka wake na duka lake la zamani. Shep ametoa kofia moja na mchumba ambaye mtungaji alikwisha kutufanya tusimtake. Mizani ya kisa kilichojengwa juu ya ridhaa ya pande mbili ingekaa sawa kama naye angetakiwa kuchagua jambo zito, kwa mfano kumtaka Gillian akiwa bado mchawi, kabla ya kujua kwamba uchawi umekwisha. Muhali haukuwa, ni suala la kuitanguliza habari moja na kuichelewesha nyingine.

Sol Saks, aliyeianzisha tamthilia ya televisheni ya Bewitched, hakuficha kwamba alichota katika filamu hii na katika I Married a Witch ya René Clair ya mwaka 1942. Lakini alipoichukua mali hiyo aliifuta kanuni moja, ile ya mchawi apendaye kupoteza uwezo, kwa sababu kanuni hiyo humaliza hadithi, na televisheni haitaki hadithi imalizike. Samantha wake anaolewa katika kipindi cha kwanza, anamwambia mumewe ukweli katika fungate, na anaahidi kuishi kama wanawake wengine ilhali uwezo wote angali nao. Hivyo ukawaida ukaacha kuwa mahali pa kufika, ukawa nadhiri ya kila siku, yenye kuvunjwa jikoni na kutubiwa sebuleni. Na nadhiri hiyo, kuanzia Septemba 1964 hadi mwaka 1972, ilitosha kuzaa vipindi 254.