Idi ya Masika: Namna Nguo Zinavyokaushwa Pemba

Idi Fitri nne mfululizo, kuanzia ya Mei 2021 hadi ya Jumatano, 10 Aprili 2024, ziliangukia ndani ya masika. Kwa nyumba ya Wete, Chake Chake au Mkoani maana yake ilikuwa moja: mapazia, mashuka, foronya, kanzu, baibui na mitandio ya watu saba au wanane vifuliwe na vikauke katika kumi la mwisho la Ramadhani, siku ambazo jua huchomoza saa tatu na mvua ikashuka saa tano. Tena wafuaji wamefunga, na alasiri yote ni ya jiko la futari. Zipo nyumba zilizofika asubuhi ya sala na kila nguo kavu, na sabuni yao ilikuwa ile ile ya duka la jirani. Walichowazidi wengine ni mpangilio.

Kufua kuna muda unaojulikana. Mtu akikaa na beseni anajua atamaliza lini. Kukausha hakuna ahadi, na hapo ndipo kazi yote inapokwama, kwa sababu kamba ikijaa nguo mbichi hakuna faida ya kufua beseni la pili. Nguo iliyokaa na unyevu usiku kucha huanza kuvunda: vijidudu vilivyobaki kwenye nyuzi huzaliana, harufu inatoka, na nguo inarudi kwenye beseni. Kuifukiza udi nguo ya namna hiyo ni kujidanganya. Udi hufunika uvundo mpaka mvaaji atoke jasho.

Wengi huliwekea matumaini jua. Jua husaidia, lakini Aprili kinachokosekana zaidi ni upepo. Hewa ya masika imeshashiba unyevu, hivyo inapokea maji ya nguo kidogo kidogo, na ile iliyogusana na kitambaa isipoondolewa hukaa pale pale ikiwa imejaa. Kaskazi imeshakatika, kusi haijashika, tumo kwenye maleleji. Ndiyo sababu kamba iliyofungwa katikati ya uwanja, panapoonekana pana jua zuri, hushindwa na kamba ya ujia kati ya nyumba mbili, ambapo hata pumzi ndogo ya upepo hubanwa na kupita kwa kasi. Upenu wa bati ni bora zaidi, maana manyunyu yakija hakuna haja ya kukimbilia kuanua. Shuka hutandazwa juu ya kamba mbili zilizoachana, pande zake zisigusane. Kanzu huning'inizwa kwa henga, vifungo vikiwa wazi. Watu wa Pemba hawahitaji kufundishwa haya: aliyekulia kwenye karafuu anajua kwamba zikirundikwa mbichi huharibika na thamani ikashuka, zikitandazwa nyembamba jamvini hutoka nyeusi na kavu.

Hatua inayodharauliwa mno ni kukamua. Nguo ya pamba iliyokamuliwa kwa mkono wa mtu mmoja hubaki na maji yanayokaribia uzito wake mkavu, pengine kuuzidi. Wakikamua watu wawili, kila mmoja na ncha yake, maji hupungua waziwazi. Kipipa cha kukamulia cha mashine huacha takriban nusu ya uzito. Kwa hiyo mwenye mashine mjini, akiwa na jirani asiye nayo, amsaidie huko kwenye kukamua. Kwa kufua, mkono unatosha. Mashine hizo nazo zina historia fupi kisiwani. Mpaka 2010, ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, Pemba ilikuwa ikitegemea jenereta za dizeli, na umeme wake haukuwa wa kupangia kazi.

Nani hajawahi kuona kanzu mbichi ikipigwa pasi usiku wa kuamkia Idi? Hesabu yake ni hii: kuvukiza lita moja ya maji kunataka nishati ambayo pasi ya wati 1,000 huitoa kwa dakika 40 hivi, hata tukichukulia kwamba hakuna joto linalopotea, na hupotea jingi. Mashuka mawili na kanzu tatu zilizokamuliwa ovyo zina zaidi ya lita moja. Umeme unaliwa, kola inaungua, na nguo inatoka moto ikiwa bado na maji ndani ya mishono. Pasi ni ya kunyoosha nguo iliyobakiwa na unyevu mdogo tu, iwe ya umeme au ya makaa.

Kwa upande wa maji masika hulipa kile ilichokinyima kamba. Micheweni, Kiuyu na Maziwa Ng'ombe, ambako ardhi ni mawe ya matumbawe, visima vingi hutoa maji magumu, na vya karibu na pwani vina chumvi. Sabuni ya mche ikikutana na maji hayo haitoi povu. Hushikana na chokaa iliyomo na kuwa utando mzito unaoganda kwenye nyuzi, na kanzu nyeupe, hata ikisuuzwa mara tatu, hugeuka rangi ya majivu. Huko sabuni ya unga hufanya kazi vizuri kuliko ya mche, kwani viungo vyake havinasi kwa chokaa hiyo. Maji ya mvua hayana chokaa. Ni laini, sabuni kidogo hutoa povu jingi, na kusuuza kunaisha upesi. Nyumba zenye akili huyakinga na kuyatengea nguo nyeupe peke yake. Za rangi zifuliwe kwa maji ya kisima.

Kuna tahadhari moja. Mvua ya mwanzo iachwe ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya paa. Na bati likiwa na kutu, maji yake yaogopwe. Doa la kutu kwenye kanzu likimwagiwa dawa ya klorini huzidi kushika. Linalolitoa ni ndimu na chumvi, likasuguliwa taratibu na kusuuzwa, kwa sababu ukali wa ndimu huyeyusha kutu. Kanga mpya nazo zisitiwe beseni moja na kitu cheupe, hata kama muuzaji aliapa kwamba hazichuji.

Ugumu wa mwisho ni tarehe. Mwezi wa Ramadhani ni siku 29 au 30, na hakuna anayejua mpaka jioni yenyewe. Pemba ina la ziada: zipo familia zinazofuata mwandamo wa nchi nyingine na zipo zinazosubiri tangazo la hapa. Mwaka 2023 wengine walisali Idi Ijumaa ya 21 Aprili na wengine Jumamosi ya 22, pengine katika mtaa mmoja. Anayepanga kwa siku 30 amecheza kamari. Mpangilio uliofanya kazi ulirudi nyuma kutoka siku ya 28: kufikia hapo kamba iwe tupu. Mapazia na mashuka mazito yalitangulia, kuanzia siku ya 20 au kabla, yakakunjwa na kuwekwa, hayakutundikwa. Kanzu na baibui za sala zilifuata ilipopatikana siku kavu, yoyote ile. Nguo za kila siku, zinazovaliwa tarawehe na kuchafuka tena, zilifuliwa chache chache. Mablanketi yaliachwa kabisa. Hakuna mgeni anayekagua blanketi, na Julai kusi itayakausha kwa nusu siku. Buibui wa darini walitolewa kabla ya mapazia kufuliwa, deki ilipigwa mwisho.

Kofia za mkono zilikuwa na safari yao. Kofia yenye viua haifikichwi wala haikamuliwi. Hurowekwa kwenye povu, hupigwapigwa kwa kiganja, husuuzwa, kisha hutiwa uwanga mwepesi wa muhogo na kuvishwa bakuli au kopo linalolingana na kichwa mpaka ikauke ikiwa na umbo. Ikikosa jua, uwanga huota ukungu, hivyo kofia ndiyo ipewe nafasi ya kwanza siku jua linapotokea, kabla hata ya kanzu.

Na nani alifanya yote haya? Wanawake na wasichana, karibu peke yao. Mpangilio mzuri kuliko yote huanguka ukiwa juu ya mikono miwili iliyofunga. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20, na beseni moja la nguo zinazosuuzwa mara mbili linaweza kula madumu matatu. Kazi ya baiskeli na madumu, na ya kukamua shuka kutoka ncha ya pili, haihitaji ujuzi wowote. Vijana wanaongojea kuvaa kanzu hizo waende nazo uwanja wa sikukuu wa Tibirinzi kutembea hawana udhuru.

Sasa kalenda inahama. Idi Fitri hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka: inafika karibu na 20 Machi 2026 na mwishoni mwa Februari 2028, ndani ya kaskazi. Kamba itakauka kwa saa mbili, ila visima vitakuwa vimeshuka na mapipa ya mvua matupu. Kilichokuwa rahisi kitakuwa kigumu, na hesabu itaanzia kwenye madumu. Masika yenyewe inarithiwa na Idi Kubwa, mwishoni mwa Mei 2026 na mwanzoni mwa Mei 2028. Hiyo ina nafuu moja kubwa: ni siku ya kumi ya Mfungo Tatu, mwezi ukishaandama tarehe inajulikana siku tisa kabla, na kamba inaweza kupangwa bila kamari. Lakini ina machinjo. Damu kwenye kanzu iwahiwe kwa maji baridi, kabla ya sabuni na kabla haijakauka, kwa kuwa maji ya moto huigandisha kwenye uzi. Mafuta ya nyama yanataka kinyume chake, maji ya uvuguvugu na sabuni, baada ya damu kutoka.