Programu ya Kurekodia: Audacity Yatosha, kwa Tahadhari

Wenzetu wengi wameuliza ni programu gani iwafaayo kurekodi usomaji wa wanafunzi kwa kompyuta ya mpakato. Sisi tumechagua Audacity. Ni ya bure, yafanya kazi bila intaneti ikishawekwa, na mwanafunzi aweza kuchagua neno moja akalisikiliza tena na tena. Kwa mzungumzaji wa Kiganda, ambamo l na r ni fonimu moja, kujisikia kama amesema "kalamu" au "karamu" ni somo lenyewe.

Lawama yetu ya kwanza ni ndogo: ukiuhifadhi wapata faili la mradi, si la sauti, nakala ya WAV hutolewa kwa amri nyingine.

Lawama kubwa ni kichujio cha kelele. Mvua ikipiga mabati, kishawishi cha kukitumia ni kikubwa (nasi tulishawishika). Lakini mvumo wa mabati na ule wa vikwamizo kama s, th na h inakaribiana, na kichujio kikikazwa huila yote. Muhula mmoja tulimpunguzia mwanafunzi alama kwa kutotamka th ya "thamani". Alipolalamika tukafungua rekodi ghafi: th ilikuwapo, tena safi. Alama tulimrudishia, na radhi tukamwomba.

Basi rekodini kwa mono, hezi 44,100, biti 16. Dakika moja ya WAV huchukua takriban megabaiti 5 tu. Mkitaka kusafisha, safisheni nakala. Alama zitolewe kwa ile ghafi.