Huria ya Nani?

Neno "huria" lina historia mbaya masikioni mwetu. Miaka ya tisini tuliletewa soko huria, na mtaani maana yake ilikuwa moja tu: mwenye mtaji atangulie. Kwa hiyo Ramani Huria niliisoma kwa mashaka, kama ninavyosoma diwani yenye jalada zuri mno.

Mwaka 2011 wakazi wa Tandale na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliichora kata hiyo ndani ya OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kuanzia 2015 kazi ikapanuliwa, kwa jina la Ramani Huria, hadi kata nyingine za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Benki ya Dunia ilikuwemo, Msalaba Mwekundu nao.

Kifani, ni kazi ya watunzi wengi. Mmoja anachora mtaro, mwingine anasahihisha, na kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya na tarehe yake. Mtaro ukizibwa Tegeta leo, kijana wa Kibaoni haendi Posta kuomba kibali. Anafungua akaunti, anarekebisha. Tena ramani nzima inapakuliwa bure. Wanaoitunza wakifunga duka, wengine wanaendelea na nakala. Hapo neno limepata maana nyingine kabisa, nawavulia kofia.

Ila kuna kasheshe. Ramani haibishani, na sisi waandishi chipukizi kazi yetu ni kubishana. Hadithi, masahihisho, ugomvi wa vina na mizani, vyote tumevirundika WhatsApp, mali ya Facebook (siku hizi Meta) tangu 2014. Namba yako ikifungwa, au msimamizi akikutoa kwa hasira, huna chako. Na Mastodon ipo tangu 2016! Kila kikundi kinaweza kuwa na seva yake, mithili ya posta ndogo, na barua zikavuka hadi posta za wengine.

Eti ni ngumu. Ndiyo, ngumu: seva inataka hela kila mwezi na mtu wa kuamka usiku ikigoma. Wala si dawa ya kila kitu. Intaneti ilipozimwa nchini tarehe 29 Oktoba 2025, seva yako isingekusaidia. Lakini X ilipofungiwa Mei 2025, mwenye mlango wa pili aliendelea kusomwa.

Sasa washikaji wa Tegeta, Mbagala na kwingineko, tuongee pesa: nani anatoa elfu ngapi kwa mwezi, na nani atashika nywila?