Filamu Iliyokata Kamba: Uhakiki wa *Le Monde du silence*

Mwaka 1956 filamu ya Kifaransa ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa chini ya maji ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, na mwaka uliofuata ikapewa Oscar ya filamu za hali halisi. Jina lake ni *Le Monde du silence*, yaani Ulimwengu wa Kimya. Waongozaji wake walikuwa wawili: Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, na Louis Malle, kijana ambaye wakati huo hajafikisha hata miaka 25. Miaka mitatu kabla yake kilikuwa kimetoka kitabu chenye jina hilohilo, ambacho Cousteau alikiandika pamoja na rafiki yake Frédéric Dumas.

Naihakiki filamu hii kwa sababu ndiyo iliyowatamanisha vijana wengi kuvaa mtungi wa hewa mgongoni, na kwa sababu wenzetu wanaobahatika kwenda kusoma Uingereza hukuta klabu ya kuzamia ikitangazwa mezani wiki yao ya kwanza chuoni, pembeni ya klabu ya chesi na ile ya mijadala. Wakiamua kujiunga, wengi huwa na picha fulani kichwani, na picha hiyo kwa kiasi kikubwa imetoka kwa Cousteau. Hoja yangu ni kwamba filamu hii, kwa uzuri wake wote, inampotosha mtu anayetaka kujifunza, na inampotosha mahali mahususi. Imemwondoa anayeshika kamba.

Nianze na haki yake. Mwanzo wa filamu ni miongoni mwa mianzo bora niliyowahi kuiona: wazamiaji wanashuka gizani, kila mmoja na mwenge unaowaka majini, moshi na mapovu vikipanda nyuma yao. Hakuna anayetuambia ni akina nani wala wanakwenda wapi. Macho yanafanya kazi yote. Vilevile ile sehemu ya Thistlegorm, meli ya mizigo ya Uingereza iliyozamishwa na ndege za Wajerumani katika Bahari ya Shamu mwezi Oktoba 1941. Kamera inapita polepole juu ya vitu vya vita vilivyoota viumbe vya baharini, na mtazamaji anahisi umri wa kile kinachoonyeshwa. Leo wazamiaji wa kila nchi hupanga safari kwenda kuiona meli ileile.

Sasa tuje kwenye jina. Bahari haina kimya. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na mwamba wa matumbawe wenye afya hutatarika mchana kutwa kwa milio ya kamba wadogo. Mzamiaji mwenyewe hupiga kelele kwa kila pumzi anayoitoa. Hili si kosa dogo la kisayansi la kumsamehe msanii, kwa maana kimya hiki kina kazi katika fani ya filamu. Mahali pa sauti ya bahari wamewekwa muziki na msimulizi. Msimulizi ndiye anayejua, ndiye anayecheka, ndiye anayetuambia tumpende nani na tumchukie nani. Samaki aina ya chewa aliyepewa jina la Jojo anapendwa. Anacheza na mzamiaji kwa mdundo wa dansi, na tunacheka. Papa wanachukiwa. Na kwa kuwa wazamiaji nao hawasemi kitu huko chini, mtazamaji huondoka akiamini kwamba binadamu aliye chini ya maji hana haja ya kumwambia mwenzake neno lolote.

Kitabu hakisemi hivyo hata kidogo, na hapo ndipo tofauti ya kazi hizi mbili inapoonekana. Mwezi Agosti 1946 Cousteau na Dumas walizama katika chemchemi ya Fontaine-de-Vaucluse, kusini mwa Ufaransa, kutafuta chanzo cha maji yake yanayofurika kila mwaka. Hawakujua kwamba hewa ya mitungi yao imechafuliwa na moshi wa mashine ileile iliyoijaza. Walikuwa wanavuta kaboni monoksidi. Walipofika chini akili zikaanza kuwatoka. Juu alikuwapo Maurice Fargues, ameshika kamba, na ishara zilizopita kwenye kamba hiyo zilimfikia zikiwa zimevurugika. Hakuona kitu wala hakusikia kitu. Alikuwa na mvuto wa kamba viganjani na hukumu yake mwenyewe, basi. Mwishowe aliamua kuvuta, na kwa uamuzi huo Cousteau akaishi kuja kutengeneza filamu.

Mwaka uliofuata, Septemba 1947, Fargues mwenyewe alishuka kujaribu kina kipya. Kwenye kamba ya kushukia palifungwa vibao, na kila alipofikia kibao alitia sahihi. Sahihi yake ya mwisho ilikutwa kwenye kina cha mita 120. Naye alikuwa na kamba, na walio juu walivuta ishara zake zilipokoma, lakini walimtoa akiwa amekwisha kufa. Kamba si hirizi. Kitabu kinalisema hilo waziwazi, na ndiyo sababu nakiamini.

Katika filamu Fargues hayumo. Mtu anaweza kujibu kwamba filamu ilipigwa kati ya 1954 na 1955 na yeye amekwisha kufa, na kwamba filamu haina wajibu wa kurudia kitabu. Nakubali. Lakini si Fargues peke yake aliyetoweka. Nafasi yake nzima imetoweka. Nani anakagua hewa kabla ya kushuka? Nani anahesabu dakika? Nani amebaki juu kuangalia mapovu? Melini Calypso watu hao walikuwapo kwa hakika, la sivyo wazamiaji wasingerudi, lakini kamera haikuwaona kuwa na mvuto.

Kuna tukio moja tu linalokaribia darasa. Mzamiaji anashuka kukamata kamba koche, analewa naitrojeni kama inavyotokea kwa anayekwenda chini sana na hewa ya kawaida, anapanda haraka kupita kiasi, na maumivu yanamwanza. Anafungiwa ndani ya chumba cha shinikizo ili gesi iliyoyeyuka mwilini itoke taratibu. Wakati yeye amefungiwa, wenzake wanaketi kula kamba wale. Tukio zima limefanywa kichekesho. Kamba wa kuliwa wamo, kamba ya kushikwa haimo. Ugonjwa huo unaweza kumpooza mtu au kumuua, na filamu inauonyesha kama adhabu ya mtoto aliyenyimwa chakula cha jioni.

Nisipozungumzia baruti nitakuwa sijaihakiki filamu hii. Wanalipua mwamba wa matumbawe ili kuhesabu aina za samaki. Msimulizi anakiri kwamba kuvua kwa baruti ni uharibifu, kisha anaeleza kwamba kwa mtaalamu anayetaka hesabu kamili hakuna njia nyingine. Samaki wanaokotwa, na bunju aliyevimba anakata roho mbele ya kamera. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulipita tukio hili. Katika Mwambao wa Tanzania baruti ni marufuku, na mvuvi akikamatwa nayo hupelekwa mahakamani. Mkono uliowasha baruti ya Cousteau ulipewa medali. Sisemi hivyo ili kumtetea mvuvi wa baruti, maana mwamba uliovunjwa haumuulizi aliyeuvunja kama ana shahada.

Baadaye meli inawafuata nyangumi kwa karibu mno, mmoja anagongwa, na ndama wao anakatwakatwa na rafadha. Papa wanakuja kumla ndama. Mabaharia, kwa hasira inayodai kuwa ya haki, wanawavuta papa mmoja baada ya mwingine hadi sitahani na kuwaua kwa mashoka. Wahakiki wengi wa leo hulilaani tukio hili, na wengine huwajibu kwamba tusihukumu mwaka 1956 kwa maadili ya leo, hasa kwa kuwa Cousteau mwenyewe baadaye alikuja kuwa mtetezi mkubwa wa bahari. Kwangu mjadala huo unalikosa jambo la karibu zaidi. Kisanaa, ukatili huu na kule kukosekana kwa mshika kamba ni kitu kimoja. Filamu imejenga wahusika ambao hawana mtu wa kuwauliza. Hakuna aliye juu anayeweza kusema inatosha, pandeni. Mhusika wa namna hiyo akikutana na mwamba ataupasua, na akikutana na papa atachukua shoka.

Klabu za vyuo vikuu zilijengwa juu ya wazo lililo kinyume na hilo. Mwaka 1951, katika taasisi ya Scripps huko California, mwanabiolojia Conrad Limbaugh alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandaa mafunzo rasmi ya kuzamia kwa watafiti na wanafunzi. Uingereza ikapata British Sub-Aqua Club mwaka 1953, na baada ya muda vyuo vikuu vikafungua matawi. Mafunzo katika matawi hayo hutolewa na wanachama wenyewe bila malipo: aliyejifunza mwaka jana husaidia kumfundisha wa mwaka huu. Na mafunzo yenyewe, kusema kweli, yanachosha. Huanzia katika bwawa la kuogelea, unavua miwani na kuivaa tena chini ya maji, unampa mwenzako hewa yako na kupokea ya kwake. Kabla ya kushuka kila mmoja anakagua vifaa vya mwenziwe, si vyake tu. Mnapopanda mnapanda polepole, na karibu na mita 5 mnasimama dakika kama 3 bila kufanya chochote. Hakuna mwongozaji wa filamu ambaye angeziacha dakika hizo zisikatwe.

Na wanazungumza. Kwetu sisi wanafunzi wa lugha hapa ndipo penye utamu. Ishara za mikono za wazamiaji ni mfumo kamili wenye mitego yake. Mtaani kwetu kidole gumba kikiinuliwa maana yake ni mambo safi. Chini ya maji maana yake ni tupande juu, na mwenzako akikionyesha hubishani naye, mnapanda. Kusema mambo ni salama unaunganisha gumba na kidole cha shahada kuwa duara. Ishara hiyo ni swali na ni jibu pia: anayeulizwa lazima ajibu, na kutojibu kwenyewe ni taarifa ya hatari. Ulimwengu wa kimya gani huu wenye kanuni za mazungumzo kali kuliko za darasani?

Nisitie chumvi: klabu nazo huzika watu. Limbaugh, mwalimu wa walimu, alipotea mwaka 1960 katika pango la chini ya maji la Port-Miou, Ufaransa. Peter Small, mmoja wa waasisi wa klabu ile ya Uingereza, alikufa Desemba 1962 katika jaribio la kushuka takriban mita 300 karibu na kisiwa cha Catalina, California, na siku hiyohiyo akafa kijana wa miaka 19, mwanafunzi, aliyeshuka kuwasaidia walio hatarini. Kijana huyo ndiye mhusika ambaye filamu ya Cousteau haikuwa na nafasi naye.

Kwa sisi wa Maziwa Makuu suala hili lina upande wake wa hesabu. Majedwali ya kawaida yanayomwambia mzamiaji akae chini dakika ngapi na apande vipi yametungwa kwa usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika lipo mita 773 juu ya usawa huo, Viktoria mita 1,134, Kivu karibu 1,460. Huku kwetu shinikizo la hewa juu ya maji ni dogo zaidi, hivyo gesi iliyoyeyuka mwilini hupata upenyo mkubwa zaidi wa kutoka kwa fujo pale mtu anapofika juu. Mwanafunzi aliyejifunzia Uingereza akirudi likizo na kuzama Bujumbura au Kigoma kwa jedwali la pwani, anajihatarisha bila kujua. Inabidi wawepo watu wenye majedwali ya nyanda za juu, na inabidi mmoja wao abaki mtumbwini.

Mtu huyo Kiswahili kimwiteje? Neno *mzamiaji* tunalo, ingawa bandarini linamaanisha pia aliyejificha melini kwenda Ulaya bila karatasi, na mtaani humaanisha aliyeingia harusini bila kadi; klabu ya wazamiaji itachekwa kabla haijapata bwawa. *Mpiga mbizi* ni salama zaidi. Wa kando yake tunaweza kumwita *mwenza*. Aliyebaki juu akihesabu dakika sijamkuta katika kamusi ninazotumia, ilhali mabaharia na wavuvi wa Mwambao hawakosi mtu wa kazi hiyo kila wanaposhuka kutafuta majongoo ya bahari au kukwamua nanga. Napendekeza *mshika kamba*, na kwa sasa naliandika hivyo bila mtalazo.