Jiko, Fimbo na Kauli: Nyumba ya Kikristo katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi

1.0 Utangulizi

Tangu ilipochapishwa mwaka 1971, riwaya ya Rosa Mistika imezoeleka kusomwa kama riwaya ya malezi. Zakaria, baba mlevi wa kijiji cha Namagondo kisiwani Ukerewe, huwalea binti zake kwa kipigo. Rosa, kifungua mimba wake, anatoka katika ukali huo na kwenda shule ya wasichana Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na uhuru ambao hakuandaliwa kuubeba unamwangamiza. Usomaji huu una ushahidi wa kutosha katika matini. Hata hivyo, unaacha swali moja bila jibu. Kama chanzo cha anguko la Rosa kingekuwa ukali peke yake, basi dawa yake ingekuwa upole. Na upole haukukosekana nyumbani kwa Zakaria. Ulikuwamo, kwa mama yake, Regina. Kwa nini basi upole huo haukumwokoa?

Makala haya yanajenga hoja kwamba nyumba ya Zakaria haibomolewi na fimbo peke yake, bali na mtengano wa mambo mawili ambayo neno kulea huyaunganisha: kutunza na kuongoza. Anayetunza hana kauli, na mwenye kauli hatunzi. Watoto wanapata chakula kisicho na maneno, na maneno yasiyo na huruma.

2.0 Nyumba Iliyotajwa kwa Sala

Ukristo wa familia hii hujitokeza kwanza katika majina. Katika Litania ya Loreto, ambayo Wakatoliki humwombea kwayo Bikira Maria, Maria huitwa waridi la fumbo, nyota ya asubuhi na malkia. Majina ya Rosa, Stella na Regina yanarejea sifa hizo moja kwa moja, na jina la riwaya lenyewe limechotwa humo. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kupata sehemu ya elimu yake katika seminari ya Nyegezi, hakuokota majina haya kwa bahati. Kuwaita watu wa nyumba hii chakula kinapoiva ni karibu sawa na kusali.

Baba naye ana jina la Kibiblia, lakini lenye kejeli. Zakaria wa Injili ya Luka ni kuhani anayefanywa bubu kwa kutosadiki, na ulimi wake unafunguliwa mtoto anapopewa jina. Zakaria wa Namagondo ni kinyume chake: ulimi wake haufungwi kamwe, wala hautamki neno linalomjenga mtoto. Ububu umewaangukia wengine wa nyumba. Hivyo majina yanaahidi kaya ya sala, ilhali mwenendo wa kila siku unaonyesha kaya ambamo mtu mmoja tu ndiye anayesikika.

3.0 Nusu Mbili za Mithali 31

Katika mahubiri ya ndoa na mafundisho ya akina mama wa Kikristo, kielelezo cha mama wa nyumbani ni mke mwema wa Mithali 31:10–31. Huyu huamka kungali usiku, huwapa chakula watu wa nyumbani mwake, na kazi ya mikono yake humfanya mumewe ajulikane malangoni, aketipo pamoja na wazee. Riwaya haiitaji sura hii, lakini kuisoma kwa jicho la mwingilianomatini kunamwangaza Regina. Ni mvumilivu, ni mchapakazi, na kaya inasimama kwa mikono yake. Kwa kipimo kinachohubiriwa mara nyingi, hana upungufu.

Lakini sura hiyo haianzi na mke. Inaanza na mama anayemfundisha mwanawe, mfalme Lemueli, na onyo lake mojawapo ni kuhusu kileo: atawalaye asinywe akaisahau sheria. Kwa maneno mengine, kabla ya kumdai mke kazi, matini inamdai mwenye mamlaka kiasi. Mahubiri mengi huishika nusu ya pili na kuiachia nusu ya kwanza. Nyumba ya Zakaria ni picha ya dini iliyosomwa hivyo. Regina anatimiza nusu ya pili kwa uaminifu, Zakaria anaivunja nusu ya kwanza waziwazi, na hakuna mtu nyumbani mwenye haki ya kumsomea. Malango anayoketi Zakaria ni ya pombe.

Zipo pia aya zinazopitwa haraka. Mke mwema wa Mithali hufumbua kinywa chake kwa hekima (31:26). Kupika na kufundisha ni kazi za mtu yuleyule. Regina amepewa chungu, hakupewa kinywa. Anaweza kumfariji binti aliyepigwa, lakini hana uwezo wa kuizuia fimbo kabla haijashuka.

4.0 Asiyefunzwa na Mamaye

Methali isemayo asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu huelekea kumfaa Rosa, kwa kuwa ulimwengu unamfunza kwa ukatili. Lakini methali hii humtupia mama lawama yote, na hapo ndipo riwaya inapoisaili. Tukio la barua ya Charles ni kipimo kizuri. Barua ya mvulana ingeweza kuwa mwanzo wa mazungumzo kuhusu urafiki, mwili na heshima. Zakaria anaigeuza kuwa kesi, na hukumu ni kipigo. Kwa kitendo hicho somo la baba linafunika somo lolote ambalo mama angeweza kulitoa. Rosa anajifunza kuogopa wavulana, hajifunzi kuwaelewa.

Shule haileti mabadiliko ya msingi. Inabadilisha mlinzi, haibadilishi ukimya. Kinga ya Rosa inabaki kuwa hofu, na hofu ina kasoro moja: hudumu kadiri mlinzi anavyokuwa karibu. Rosa anapofika mahali pasipo na mlinzi, hana neno lake mwenyewe la kukubali wala la kukataa. Wanaume wenye cheo wanaomtumia wanabeba hatia yao wenyewe, na hoja hii haikusudii kuwapunguzia. Inachoonyesha ni kwamba walimkuta msichana ambaye nyumba yake ilimfundisha kutii sauti ya mwenye mamlaka, hata pale sauti hiyo isipostahili utii. Hata Charles, anapomwacha kwa sababu hakumkuta bikira, anatumia kipimo kilekile cha Zakaria: mwili unakaguliwa, mtu hasikilizwi.

5.0 Mpaka wa Riwaya na Hitimisho

Uhakiki wa haki hauna budi kuionyesha riwaya yenyewe mpaka wake. Msimulizi huingia moyoni mwa Rosa mara nyingi, lakini moyoni mwa Regina kwa nadra. Jiko lake linabaki mandhari. Uchovu wake unaonekana, fikra zake hazisikiki. Kwa kiasi hicho, riwaya inayolaumu ukimya wa mama inauendeleza. Msomaji anajua vizuri zaidi Zakaria anachokunywa kuliko Regina anachowaza.

Pamoja na hayo, hatima ya riwaya inathibitisha kwamba suala lake ni kauli. Baada ya kifo, Rosa na baba yake wanafikishwa mbele ya Mungu, na hapo binti anaweza kumjibu baba. Mazungumzo yaliyopaswa kufanyika nyumbani Namagondo, pengine wakati wa chakula cha jioni, yanafanyika mahali ambapo hayawezi tena kumwokoa mtu. Riwaya hii, iliyowahi kuzuiwa shuleni kwa madai ya kukiuka maadili, inatoa somo la maadili kali kuliko la wazuiaji wake: nyumba inaweza kuwa na sala katika majina, chakula jikoni na nidhamu mlangoni, na bado ikampoteza mtoto, ikiwa anayemlisha hana ruhusa ya kusema naye ukweli.