Mwandishi Ugenini, Msomaji Nyumbani

Kila mwaka wanafunzi wetu wa lugha wanapokaribia kumaliza shahada, swali moja hujirudia hapa Mbale: je, mtu aliyesomea lugha anaweza kwenda nje, akawa mwandishi, akaishi kwa kalamu yake? Baadhi yetu walimu huwajibu kwa methali kwamba mwacha asili ni mtumwa, na mjadala hufia hapo. Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya uhakiki. Tutawatazama watunzi waliosoma lugha na fasihi wakavuka mipaka, tupime safari ilizifanyia nini kazi zao.

Tuanze na wa kwetu. Timothy Wangusa, aliyezaliwa Bugisu mwaka 1942, alisoma Kiingereza Makerere, kisha Leeds, Uingereza. Alirudi akafundisha Makerere, na riwaya yake Upon This Mountain ikachapishwa na Heinemann mwaka 1989. Mhusika mkuu, Mwambu, ni mtoto wa mlimani anayetamani kuigusa mbingu, naye anakua katikati ya mila ya tohara, shule na kanisa. Ubora wa riwaya hii ni kwamba mtunzi hakuona haya kuuingiza mlima wetu, pamoja na ngano na methali zake, katika fasihi ya Kiingereza. Hata hivyo, methali hizo zimevikwa nguo ya kuazima. Mwanafunzi wa Mbale anapozisoma hujikuta akizirudisha kimoyomoyo katika Lumasaaba ili apate utamu wake. Kwa maoni yetu, safari ya Leeds haikumtenga Wangusa na mlima. Lugha ya kitabu ndiyo iliyomtenga na wale wazee wa mlimani wasiosoma Kiingereza, ambao hekima yao ndiyo aliyoiandika.

Mfano wa pili ni Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar. Huyu ndiye hasa mhitimu wa lugha aliyejenga kazi ya uandishi ugenini: alipata shahada ya uzamivu Leipzig, akafundisha Kenya, Japani na Ujerumani katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, na muda wote huo akaendelea kuandika kwa Kiswahili. Tulinganishe riwaya zake mbili. Utengano (1980) ni ya kabla ya miaka yake mingi ya ugenini. Nyumba ya Bwana Maksuudi, anamowafungia mke na binti, tunaiona kuta zake na tunausikia ukimya wake, na Maimuna anapotoroka tunajua anatoroka nini. Babu Alipofufuka (2001) ilitoka wakati mtunzi yuko Bayreuth. Humo mzuka wa babu unamjia K, mkubwa aliyeshiba jasho la wengine, na kumtembeza ayaone maovu yake. Nchi haina jina, na mhusika amebakiwa na herufi moja tu.

Wapo watakaosema kwamba umbali umemfanya mtunzi aisahau nchi. Sisi tunaona umbali ulimpa kitu na kumnyang'anya kingine. Ulimpa jicho la kuitazama Afrika nzima katika soko la dunia, hata msomaji wa Uganda akamtambua K bila kuambiwa anatoka wapi. Lakini ulipunguza ule uhalisi wa mtaa na jiko ambao katika Utengano hufanya hata mwanafunzi mvivu asiweke kitabu chini.

Mfano wa tatu ni Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Alisoma Dar es Salaam, akapata uzamivu Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Diwani yake Dhifa ilitoka Nairobi mwaka 2008, naye akiwa bado Botswana. Hadi alipofariki Januari 2020, jina lake lilikuwa hai katika madarasa ya Afrika Mashariki kwa sababu hakuwahi kuibadilisha hadhira yake. Tumlinganishe na Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar kwenda Uingereza miaka ya 1960, akaandika kwa Kiingereza na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ilitufikia kwa Kiswahili mwaka 2022, ikiitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28! Hatumlaumu Gurnah, kwani kila mtunzi ana haki ya kuchagua lugha yake. Lakini hiyo ndiyo bei, na aliyeilipa ni msomaji wa nyumbani.

Sasa turudi kwenye swali la wanafunzi. Kwanza, katika mifano hii minne hakuna aliyetegemea vitabu peke yake: wote walikuwa walimu wa vyuo vikuu. Mohammed Ghassani, ambaye ushairi wake katika N'na Kwetu ulishinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015, aliajiriwa Ujerumani kama mwandishi wa habari wa redio. Shahada ya lugha iliwapa ajira ya kufundisha au kutangaza, na ajira ndiyo iliyolisha kalamu. Pili, Said Ahmed Mohamed na Kezilahabi waliishi mbali, lakini wachapishaji na wasomaji wao walikuwa huku huku. Kwa hiyo methali yetu imekosea mlengwa: anayeacha asili si anayepanda ndege, bali ni anayemwacha msomaji wake.

Jambo hili linatuhusu sisi wa mashariki ya Uganda kuliko tunavyodhani. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Madarasa hayo yatahitaji hadithi. Tukikaa kimya, watoto wa Mbale na Jinja watasoma Kiswahili kupitia bahari wasiyoiona, na mlima wanaouona kila asubuhi hautakuwamo.

Kwa hiyo, kwenu wanafunzi mnaohitimu: nendeni, iwe Nairobi, Muscat au Bonn. Fundisheni, tafsirini, tangazeni, mpate mkate wenu kwa lugha mlizosoma. Lakini mtakapokaa kuandika usiku, mkumbukeni mtoto wa darasa la sita wa Bugisu au Busoga. Nasi walimu tunaobaki tuna zamu yetu: tuanze kwa kuwapa wanafunzi kurasa chache za Upon This Mountain wazitafsiri, tuone Mwambu atasemaje kwa Kiswahili.